Nani alipie chandarua? Hoja ya Chris Curtis na majibu ya wapinzani wake

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, hoja ya zamani imerudi vinywani mwa watu: kwamba kugawa vyandarua bure kulikuwa kosa, kwamba cha bure hakithaminiwi, na kwamba laiti wananchi wangezoeshwa kununua tangu mwanzo, leo tusingekuwa tunaulizana nani ataziba pengo. Si hoja ya kupuuzwa. Ina watetezi waliosoma, na sehemu yake moja, nitakayoifikia mbele, haijawahi kujibiwa sawasawa. Ila wengi wanaoirudia huizungumza kana kwamba ni wazo lililozaliwa na ukata wa juzi, ilhali ilibishaniwa kwa miaka na watafiti waliokuwa wakihesabu mbu Muheza, na takwimu zilizotumika kuibishania zilitoka Tanga, Kilombero na magharibi mwa Kenya.

Aliyeushikilia upande wa "bure" kwa ukaidi kuliko wenzake alikuwa Chris Curtis, mtaalamu wa wadudu wa Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London, aliyezaliwa 1939 na kufariki 2008. Ni rahisi kumchukulia kama mzungu mwema aliyependa kugawia watu vitu, na wapo wanaomchukulia hivyo. Huko ni kumsoma vibaya. Huruma alikuwa nayo, lakini msimamo wake kuhusu bei ya chandarua ulitokana na anavyoishi mbu, na ndiyo maana unastahili kupimwa kwa vipimo vya sayansi kabla ya kutupwa kapuni pamoja na misaada iliyokatika.

Curtis alianzia kwenye elimu ya vinasaba. Mwaka 1968 alichapisha katika jarida la Nature pendekezo la kutumia mabadiliko ya kromosomu ili kusambaza vinasaba vinavyotakiwa ndani ya jamii nzima ya wadudu waharibifu, wazo lililotangulia kwa miongo kadhaa juhudi za leo za kubadili vinasaba vya mbu wa malaria. Miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa New Delhi, katika kitengo cha Shirika la Afya Duniani na Baraza la Utafiti wa Tiba la India kilichokuwa kikijaribu kuachia mbu madume tasa. Kitengo hicho kilifungwa 1975 baada ya magazeti na wabunge wa India kukituhumu kwamba, kwa kuwa fedha zake zilitoka Marekani, kilikuwa kikiandaa vita vya kibiolojia. Sidai kwamba Delhi ilimgeuza moja kwa moja, lakini kazi zake za baadaye zilizopata umaarufu Afrika Mashariki zilihusu vitu ambavyo mwanakijiji anaweza kuvishika na kuvielewa: chandarua, dawa ya kuchovya, chenga za plastiki.

Chenga hizo zina kisa chake, na ingawa ugonjwa uliohusika ulikuwa matende na mabusha badala ya malaria, kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa kwa sababu ndani yake hoja ya Curtis inaonekana waziwazi. Mwaka 1988, Makunduchi, kusini mwa Unguja, yeye na Caroline Maxwell pamoja na wenzao walimwaga chenga za polistirini, yale mapovu meupe yanayokuja ndani ya maboksi ya televisheni, katika mashimo ya vyoo yenye maji. Chenga huelea na kuufunika uso wa maji kama kifuniko cha chungu. Kiluwiluwi hawezi kuvuta hewa na jike hapati pa kutagia. Watu walipewa pia dawa ya kuua vimelea. Kabla ya kazi hiyo karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na vimelea vya matende katika damu, na miaka michache baadaye walibaki asilimia chache tu. Jambo la kuzingatia ni kwamba chenga ziliwekwa katika vyoo vyote vyenye maji. Choo kimoja ambacho kingerukwa kwa kuwa mwenyewe hana hela kingeendelea kuzalisha mbu wa kuuma mtaa mzima, wakiwemo jirani waliolipa. Ni vigumu kumfikiria mtu akipendekeza kwamba mwenye uwezo anunue chenga na asiye nao abaki na mbu wake, kwa maana mbu hao hawabaki kwake.

Katika malaria, hesabu ni hiyo hiyo, ila imejificha zaidi, na ilifichuliwa Muheza. Ni mji wa mkonge na machungwa chini ya milima ya Usambara Mashariki, na kwa miongo mingi ulikuwa katikati ya eneo lenye malaria kali mno. Kituo cha Ubwari, cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kina vibanda vya majaribio vilivyotoa baadhi ya matokeo ya mwanzo kabisa kuhusu vyandarua vyenye dawa barani Afrika. Ni nyumba ndogo zenye mitego madirishani. Mtu hulala ndani, na asubuhi mbu huokotwa sakafuni na mitegoni, wakatengwa waliokufa na walio hai, walioshiba damu na wenye njaa. Mwaka 1987 Jo Lines, J. Myamba na Curtis walichapisha matokeo ya vibanda hivyo, yakionyesha kwamba hata chandarua chenye matundu, mradi kimechovywa kwenye permethrin, dawa ya kuua wadudu, bado kinamkinga aliyelala ndani yake. Msomaji alishike jina la Lines, kwa sababu tutakutana naye upande wa pili wa ubishi.

Ikiwa chandarua chenye matundu kinakinga, basi kinachofanya kazi kubwa ni dawa, na dawa hiyo haimfukuzi mbu tu, inamuua. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Mbu jike wa Anopheles, jamii inayoeneza malaria, hutafuta damu kila baada ya siku mbili au tatu ili apate kutaga. Vimelea anavyovinyonya kwa mgonjwa vinahitaji takribani siku kumi hadi kumi na mbili kukomaa mwilini mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu wa hatari, kwa hiyo, ni mbu mzee, aliyekwisha ingia nyumba za watu mara nne au tano na kutoka salama. Tuchukulie, kwa mfano tu wa kuonyesha hesabu inavyokwenda, kijiji ambacho mbu ana nafasi ya asilimia 80 ya kubaki hai kila anapokwenda kutafuta damu. Baada ya safari nne, kati ya mbu 100 wamebaki 41. Tukiweka vyandarua vyenye dawa kwa wachache wenye uwezo, nafasi hiyo ikashuka hadi asilimia 70, wanabaki 24. Tukiweka karibu kila kitanda, ikashuka hadi asilimia 50, wanabaki 6. Tofauti kati ya 24 na 6 ndiyo anayoinunua, au kuikosa, hata yule aliyelipa bei kamili ya chandarua chake, kwa sababu yeye hukaa nje jioni kabla ya kulala, mwanawe huchelewa kuingia ndani, na mbu anayewauma saa mbili usiku ni yule aliyepita salama kwenye nyumba ya jirani asiye na chandarua.

Kwamba hili si hesabu ya mezani tu kulithibitishwa Asembo, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mwaka 2003 William Hawley na wenzake walionyesha kwamba watoto wa kaya zisizo na vyandarua, lakini zilizo ndani ya mita 300 kutoka kaya zenye vyandarua vyenye dawa, walipata kinga iliyokaribiana na ya wenye navyo. Chandarua cha mtu mmoja kilikuwa kinawalinda watoto wa nyumba ya tatu.

Hapa ndipo mjadala wa bei unapotakiwa kuanzia, na kwa bahati mbaya mara nyingi hauanzii hapa. Huanza na swali la kama maskini anaweza kumudu au hawezi, kana kwamba asipomudu hasara ni yake peke yake. Curtis alisisitiza kwamba chandarua chenye dawa kihesabiwe pamoja na chanjo na pamoja na unyunyiziaji wa dawa majumbani, ambavyo havijawahi kuuzwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1998, akiwa na Maxwell, Finch na Njunwa, alikwisha kulinganisha vijijini Muheza matumizi ya dawa ya kundi moja, kwingine ikinyunyizwa ukutani na kwingine ikichovywa kwenye vyandarua, na njia zote mbili zilionyesha nguvu zinazokaribiana. Basi, aliuliza, kama dawa ya ukutani hupelekwa na serikali bila mwenye nyumba kutoa senti, ni kwa mantiki gani dawa hiyo hiyo ikiwa kwenye kitambaa inageuka bidhaa ya dukani?

Mwaka 2003 swali hilo lilichapishwa katika The Lancet Infectious Diseases, katika makala iliyouliza nani alipe, ambayo Curtis aliiandika pamoja na kundi lililowajumuisha Wen Kilama na Martha Lemnge wa Tanzania, Robert Snow aliyekuwa Kenya, na mchumi Jeffrey Sachs. Mwaka huo huo, katika jarida hilo hilo, alijibiwa. Miongoni mwa waliomjibu walikuwa Jo Lines, mwenzake wa vibanda vya Muheza, na Christian Lengeler wa Basel, Uswisi, aliyekuwa mmoja wa watu waliokusanya na kuchambua majaribio ya vyandarua vyenye dawa kutoka Afrika nzima. Hawa si watu ambao ungewaambia hawajui mbu.

Majibu yao yalikuwa na uzito. Kwanza, walikuwa na ushahidi wa Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro. Huko, kuanzia 1996, mradi wa KINET uliuza vyandarua na dawa ya kuchovya kwa jina la Zuia Mbu, kupitia maduka na mawakala wa vijijini, kwa bei iliyopunguzwa na kwa matangazo yaliyoandaliwa kwa kuwasikiliza wananchi wenyewe. Mwaka 2001 Joanna Armstrong Schellenberg na wenzake walichapisha katika The Lancet kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Pengo la umiliki kati ya kaya zenye nafuu na kaya maskini nalo lilipungua. Kwa maneno mengine, kuuza kuliokoa watoto, na atakayeandika historia ya jambo hili bila kukiri hivyo hatakuwa ametenda haki.

Pili, walisema wafadhili hawategemeki. Mfadhili leo yupo, kesho kuna uchaguzi kwao. Soko likishajengwa, likawa na viwanda Arusha na Dar es Salaam, wauzaji wa jumla Kariakoo na vibanda vya rejareja hadi mnada wa Jumamosi, litaendelea kuwepo mfadhili akiondoka. Mgao wa bure ukipita juu yake utaliua, na baadaye hakutakuwa na mgao wala soko. Kutokana na fikra hiyo ulizaliwa mpango wa Hati Punguzo mwaka 2004, ambao naona ulibuniwa kwa akili nyingi. Mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, hati ikalipia sehemu kubwa ya bei na yeye akaongeza kilichobaki. Fedha ya umma ilimfikia aliyelengwa, na mwenye duka akawa na sababu ya kuagiza vyandarua vingine.

Tatizo la kwanza la mpango huo halikuwa umaskini. Lilikuwa kwamba mnunuzi na mtaalamu wa malaria hawanunui kitu kimoja. Anayeingia dukani Tandika au Mbagala, Dar es Salaam, kuulizia chandarua anasumbuliwa na mbu wanaompigia kelele usiku, ambao mjini wengi wao ni Culex wa vyooni na mitaroni na hawaenezi malaria. Anataka kitambaa chenye matundu madogo, kipana cha kutosha kitanda cha tano kwa sita, rangi isiyoonyesha uchafu haraka. Dawa haionekani. Kabla ya kuja vyandarua vya dawa ya kudumu, dawa ilikuja ndani ya pakiti ya Ngao iliyofungwa pamoja na chandarua, na kuitumia kulikuwa na utaratibu wake: uvae glovu, upime maji ndani ya karai, uchanganye, udumbukize chandarua na kukikanda mpaka kilowe sawasawa, kisha ukianike kivulini kikiwa kimetandazwa, kwa kuwa jua huiharibu dawa. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, au baada ya kufuliwa mara kadhaa, urudie. Kwa mnunuzi, kila hatua ya hapo ni usumbufu usio na faida anayoiona kwa macho. Tathmini ya Kara Hanson na wenzake, iliyochapishwa 2009, ilionyesha kwamba kati ya 2005 na 2007 kaya zenye angalau chandarua kimoja cha aina yoyote zilipanda kutoka asilimia 44 hadi 65, na hayo ni maendeleo ya kweli; lakini kaya zenye chandarua chenye dawa zilitoka asilimia 18 zikafika 36. Soko lilisambaza kitambaa. Kile kinachomuua mbu mzee, na kumkinga jirani, lilikiacha nyuma.

Maxwell na Curtis, pamoja na Rwegoshora na Magesa, walilionyesha hilo kwa karibu zaidi mwaka 2006, walipolinganisha vijiji vya Muheza vilivyopewa vyandarua na dawa bure na sehemu ambazo watu walitakiwa kununua. Kwenye mgao wa bure karibu watu wote walikuwa chini ya chandarua chenye dawa; kwenye mauzo, vyandarua vilikuwepo kwa kiasi, dawa ilikuwa haba. Wapinzani wangeweza kusema, na kwa haki, kwamba vijiji vichache vinavyohudumiwa na watafiti havifanani na nchi nzima, na kwamba si kila wilaya ina Ubwari yake.

Jibu la pingamizi hilo lilitoka kwa watu ambao hawakuwa wataalamu wa mbu kabisa. Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walikwenda kwenye kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya, ambako bei ya kawaida ya chandarua chenye ruzuku ilikuwa shilingi 50 za Kenya, wakazipangia kliniki bei tofauti kwa bahati nasibu, kuanzia bure hadi shilingi 40. Matokeo yao yalichapishwa 2010, na kuna namba moja ndani yake ambayo mimi binafsi siwezi kuiacha. Bei ilipotoka sifuri ikafika shilingi 40, idadi ya waliochukua chandarua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia.

Tuitazame namba hiyo polepole. Shilingi 40 zilikuwa kama senti 60 za dola. Hazikuwa bei kamili, wala hazikuwa karibu na bei kamili. Zilikuwa punguzo kubwa kuliko ambalo mwenye duka yeyote angeweza kulitoa akabaki kwenye biashara. Wanawake wenyewe walikuwa tayari wamefika kliniki, maana yake nauli au mwendo walikwisha kuumaliza. Walikuwa wajawazito, kundi ambalo malaria inaliumiza kuliko watu wazima wengine. Hakukuwa na duka la mbali, wala foleni nyingine, wala elimu iliyokosekana. Hata hivyo sarafu chache ziliwarudisha nyumbani mikono mitupu zaidi ya nusu yao. Anayesema "mtu hawezi kushindwa shilingi arobaini" anasahau kwamba swali la siku ile halikuwa kama mama anazo maishani mwake, bali kama anazo kwenye leso yake saa nne asubuhi, na kama hazijakwisha kupangiwa unga, daftari la mtoto, au nauli ya kurudia.

Sasa tuirudishe kwenye hesabu ya mbu. Kama karibu wote wakichukua chandarua tunapata mbu wazee 6 katika kila 100 wa mfano wangu, na wachache wakichukua tunabaki na 24, basi zile shilingi 40 zilizokusanywa kwa ajili ya "uendelevu" zimenunua nini? Zimempunguzia mfadhili sehemu ndogo sana ya gharama, na zimemrudishia mbu kijiji. Walionunua pia wamepata kinga pungufu kuliko ambayo wangepata kama jirani zao wangepewa bure. Katika kijiji, bei ndogo inapunguza ubora wa bidhaa kwa wote, hata kwa waliolipa. Sijaona popote watetezi wa bei wakilijibu hili moja kwa moja. Wamejibu kuhusu bajeti, kuhusu maduka, kuhusu heshima ya mnunuzi, yote mambo ya maana, lakini si hili.

Na lile la cha bure kutothaminiwa? Cohen na Dupas walifuatilia majumbani. Waliopewa bure hawakuwa wazembe zaidi katika kutundika vyandarua vyao kuliko walionunua, na walionunua hawakuwa wagonjwa zaidi au wenye shida zaidi, ambako kungethibitisha kwamba bei inawachuja wahitaji wa kweli. Dupas baadaye, katika utafiti mwingine uliochapishwa 2014, alionyesha kwamba waliopata chandarua cha kwanza kwa ruzuku kubwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kununua cha pili mwaka uliofuata. Walikwisha kulala chini yake na kuona faida. Kuhusu vyandarua vinavyoonekana vimeanikiwa dagaa au kuzungushiwa bustani ya mchicha, vipo, nami sitakana. Lakini picha ya chandarua kwenye mtumbwi husambaa haraka kuliko picha ya chandarua kitandani, ambayo hakuna anayeipiga.

Wakati wachumi wakiendelea na kazi yao, serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha fanya jaribio kubwa kuliko lao. Mwaka 2006 iligawa vyandarua milioni 3.4 bure kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitano. Abdisalan Noor na wenzake, waliokuwa wakifuatilia wilaya nne tangu 2004, waliona watoto waliolala chini ya chandarua chenye dawa wakitoka asilimia 7 mwaka ule wa soko hadi asilimia 67 mwishoni mwa 2006, na tofauti kati ya maskini na wenye nafuu ikakaribia kufutika. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kutaka vyandarua vya dawa ya kudumu vigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa sana, kwa watu wa rika zote. Curtis alifariki miezi tisa baadaye, akiwa ameshinda hoja. Tanzania ilifuata: kampeni ya watoto, kisha ile ya kila kitanda mwaka 2010 na 2011, iliyogawa takribani vyandarua milioni 18. Utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008 ulikuwa umekuta asilimia 39 ya kaya zina chandarua chenye dawa na asilimia 18 ya watoto wadogo wana vimelea vya malaria. Ule wa 2011 na 2012 ulikuta asilimia 91 ya kaya na, kwa kipimo cha haraka, asilimia 9 ya watoto. Si vyandarua peke yake vilivyofanya kazi hiyo, lakini hakuna anayebisha kwamba vilibeba mzigo mkubwa.

Baada ya hapo inakuja ile sehemu ambayo Curtis hakuijibu. Chandarua hudumu miaka miwili au mitatu, na kampeni hupita na kuondoka. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuta kaya zenye chandarua chenye dawa zimeshuka kutoka asilimia 91 hadi 66, na vimelea kwa watoto vimepanda tena hadi asilimia 14. Wakati huo Hati Punguzo ilikuwa imekwisha kufungwa, mwaka 2014, na wauzaji wengi wa vijijini walikuwa wamekwisha acha kuagiza bidhaa ambayo wateja wao walikuwa wakiisubiri ije na lori la serikali. Lines na wenzake walikuwa wameonya juu ya hatari hiyo. Curtis alikuwa sahihi kuhusu namna ya kuijaza nchi vyandarua. Wao walikuwa sahihi kwamba kujaza ni kazi ya mara moja, na kuendelea kujaza ni kazi nyingine kabisa.

Lakini ukiitazama kwa makini hoja yao ya mfadhili asiyetegemeka, ambayo mwaka 2025 umeithibitisha kwa ukatili, utaona inahusu nani analipa, wala haihusu kama mama alipe. Watu wameunganisha mambo hayo mawili mpaka yanaonekana ni kitu kimoja. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya dawa ya kudumu mwaka 2003, kikakua, kikaajiri maelfu ya watu, na mteja aliyekikuza hakuwa mjamzito mwenye noti mkononi bali mashirika yaliyonunua kwa mamilioni ili yagawe. Soko lilikuwepo siku zote, na lilikuwa soko la zabuni. Mnunuzi mkuu anaweza kubadilika kutoka Washington kwenda hazina za nchi zetu bila kumgusa mama wa Korogwe.

Haja ya kulitenganisha hilo inaongezeka kwa sababu vyandarua vyenyewe vinabadilika. Mbu wamezoea viuatilifu vya kundi la pairethroidi, ambavyo ndivyo dawa ya vyandarua vya kawaida. Jaribio lililofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, na kuchapishwa 2022, lilionyesha kwamba vyandarua vinavyochanganya pairethroidi na chlorfenapyr, dawa ya kundi jingine, vilipunguza malaria kwa watoto kwa takribani asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vile vya kawaida, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Bei yake ni kubwa zaidi. Kwa macho na kwa mkono, hakuna mnunuzi atakayetofautisha kile kipya na cha zamani. Akiachiwa achague dukani atachukua cha bei ndogo, kama alivyoiacha pakiti ya Ngao, na hatakuwa amekosea kwa hesabu ya mfuko wake.

Utaratibu wa kuziba lile pengo la kati ya kampeni na kampeni nao umekwisha kubuniwa. Tangu 2013 wanafunzi wa mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, na baadaye mingine, wamekuwa wakipewa vyandarua shuleni kila mwaka, hivyo kaya hupata kipya bila kungoja kampeni. Kilichobaki ni fungu katika bajeti, linalojadiliwa bungeni kila Juni na lisilosubiri barua ya mfadhili. Chanjo za watoto tayari hununuliwa hivyo, serikali ikichangia gharama pamoja na Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo, na mtoto wa miezi tisa anayepelekwa kuchanjwa surua ndiye yule yule ambaye, chini ya mpango wa Chandarua Kliniki, hurudi nyumbani na chandarua.